Msaada wakuu: tosheni ya buti la Corolla KE70 imekatika, ile nyingine naitoa kwa kifaa gani?

Mtoto wa Mwalimu (Morogoro)

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu na magari ya zamani. Nina Corolla KE70 ya mwaka 1982, ilikuwa ya mzee wangu, alikuwa mwalimu na ndiyo iliyotupeleka shule watoto wote wanne. Mzee ametangulia mbele za haki, gari nimebaki nayo mimi, naitengeneza kidogo kidogo kila mshahara ukiingia. Injini 4K iko safi, bodi imenyooshwa, rangi nimerudisha ile ile ya maziwa aliyoinunua nayo.

Shida ni buti. Wiki mbili zilizopita usiku tumelala nikasikia kitu kimelia TAA huko nje kama mtu kapiga bati kwa nyundo, nikatoka na tochi sikuona kitu, asubuhi nafungua buti niweke madaftari ya watoto mfuniko ukanirudia kisogoni. Kuchungulia ndani, zile nondo mbili nyembamba zinazopishana chini ya kibao cha spika nyuma ya siti (ndizo tosheni, springi za kusokotwa zinazoinua mfuniko), moja imekatika vipande viwili pale pale inapokunjwa. Gari ilikuwa imepaki tu, haijaguswa na mtu.

Nimepata mtu Dar mwenye skrepa ya KE70 anasema nondo zote mbili anazo ila nizitoe mwenyewe. Na kwangu hii nzima nayo nataka niitoe maana ina kutu. Fundi wa mtaani alijaribu kuitoa kwa vaisgripu (koleo la kujibana lenyewe), ikamponyoka ikaruka juu ikapiga ukingo wa kioo cha nyuma, kioo Mungu alikinusuru ila yeye ilimchana kati ya dole gumba na kidole cha shahada, nyuzi nne. Tangu siku hiyo kila ninayemwendea anasema ng'oa hizo weka shokapu za gesi. Mimi sitaki, nataka buti lifunguke kama lilivyokuwa linafunguka mzee akiwepo. Nimesikia kuna kifaa maalumu cha kazi hii. Kinaitwaje, kinapatikana wapi, na kama hakipatikani nitengeneze nini?

Bodi Gerezani

Kijana pole sana, na mpe pole huyo fundi. Vaisgripu kwenye tosheni ni kosa, na si kwa sababu ya kuponyoka peke yake. Meno ya vaisgripu yanaacha makovu kwenye chuma, na chuma cha springi kinaanza kupasuka kwenye kovu. Leo unaifunga inafanya kazi, mwakani inakatika hapo hapo ulipoiuma. Nimezitoa hizi tangu KE20 mpaka Mark II, kila niliyoiona imekatika ilianzia kwenye alama, ya kutu au ya koleo.

Kifaa kipo. Toyota wenyewe wanacho, kwenye vitabu vyao vya gereji namba yake ni 09804-24010, ni chuma tu chenye mdomo wa kushika nondo na mpini mrefu wa kukandamizia. Ukikipata nunua, ila usikisubiri. Mimi changu nimekichonga mwenyewe na kina umri kuliko wewe pengine. Chukua bomba la GI (lile la chuma la maji) la nusu inchi, lile zito, urefu wa futi mbili. Mwisho mmoja kata mfereji kwa grinda ya diski nyembamba, upite pande zote mbili, upana milimita 8, kina sentimita 3, liwe kama uma. Halafu, na hapa vijana wengi hawana subira, chukua tupa laini na msasa ulainishe kingo zote za huo mfereji mpaka ukipitisha kidole hausikii makali. Ukiuacha na makali umetengeneza vaisgripu nyingine.

Kuitoa: buti wazi mpaka mwisho. Ukifunga mfuniko nondo zinajisokota, ukifungua zinajisokotoa, kwa hiyo wazi ndipo nguvu iko chini kabisa. Iko chini, haijaisha. Mfuniko ushikiliwe na mtu mzima mwenye nguvu zake na gogo liwepo, nondo ikitoka mfuniko unaanguka wenyewe. Toa siti ya nyuma upate nafasi. Blanketi nene kwenye kioo. Uma unauvalisha kwenye nondo upande wa bawaba, pale karibu na kona, unakandamiza chini, mwenzako anaachanisha bawaba na nondo, kisha wewe unauinua mpini TARATIBU mpaka usikie hakuna kitu tena. Usiuachie hata sekunde moja. Kichwa chako kisiwe juu yake hata kidogo, kaa pembeni, huyo fundi wako alichanwa mkono kwa bahati nzuri, ingekuwa jicho tungeongea mengine.

Nduguyo wa Likoni

Yakhe pole. Huku kwetu Mombasa hizi zakatika sana kwa sababu ya hewa ya chumvi. Maji ya mvua yaingia kwa ile raba ya kioo cha nyuma ikishakufa, yapita juu ya kibao, yadondokea nondo pale katikati zilipo na kile kishikizo cha plastiki, hapo hapo kutu yafanya vishimo. Mie ilikatika ya kushoto kwenye Corolla DX yangu, nikanunua nyingine nikaifunga, baada ya miaka miwili ikakatika nayo, ndipo nikaja kugundua raba ya kioo ndiyo adui. Kwa hivyo kabla hujafunga hiyo mpya, mwaga maji kwa kioo cha nyuma ukiwa na mtu ndani ya buti na tochi, aangalie yadondokea wapi.

Mtoto wa Mwalimu

Shikamoo mzee wa Gerezani, ahsante sana, hii nimeisoma mara tatu. Na wewe kaka wa Likoni umenigusa penyewe, raba ya kioo changu imepasuka pembeni kweli na carpet ya buti huwa ina harufu ya ukungu, sikuwahi kuunganisha hayo mambo.

Swali: hiyo iliyokatika siwezi kuichomelea? Kuna mtu amenihakikishia ya kwake ilichomelewa inafanya kazi. Na lingine, kuna jamaa ana nondo za buti la Corolla ya nyuma yake kidogo, anasema ni zile zile ila nene kiasi. Nichukue?

Bodi Gerezani

Marahaba mwanangu. Usichomelee. Chuma cha springi kimepikwa kwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani, ukikipasha moto wa kuchomelea pale pembeni ya kiungo panabaki pagumu kama kioo na pembeni zaidi panabaki laini. Kitakatika tena, na safari hii pengine mkono wa mtoto uko ndani unachukua begi.

Injinia Chalinze

Naomba niongezee kwenye hilo la "nene kiasi" maana watu wanalichukulia kirahisi. Ugumu wa chuma kinachosokotwa hauongezeki sawa na unene, unaongezeka kwa unene kuzidishwa mara nne kwa wenyewe. Tufanye ya kwako ni milimita 6 na ya jamaa ni milimita 7, kwa macho huoni tofauti, lakini urefu ukiwa ule ule ya jamaa ni ngumu zaidi kwa karibu asilimia 85. Yaani karibu mara mbili. Utafunga buti kwa kulikalia, na siku ukibonyeza kitasa mfuniko utaruka ukupige kidevu, na bawaba zitavuta bati la mfuniko lipinde. Nenda na venia kaliper, upime unene sehemu isiyo na rangi wala kutu, upime urefu kutoka kona hadi kona, na ulinganishe pembe za mikunjo kwa kuzilaza chini sakafuni zote pamoja na ile iliyokatika. Kimoja kikikataa acha.

Na ya kushoto na ya kulia usizichanganye. Mikunjo yake inaangaliana kama mikono. Kabla hujatoa hata moja piga picha na funga utepe wa rangi tofauti kila moja.

Mbongo Houston

Salaam kutoka Texas ndugu zangu. Nina Ford Mustang ya 1966 hapa gereji kwangu, na buti lake lina mfumo huo huo, vyuma viwili vinapishana, kila kimoja kimeshikwa upande mmoja wa bodi na kinasukuma bawaba ya upande wa pili. Huku vifaa vya kutolea vinauzwa na maduka ya spea za magari ya zamani, nilinunua kimoja. Ni bomba lenye mfereji na mpini, hakina siri nyingine, kwa hiyo alichokuchorea mzee wa Gerezani ndicho hicho hicho nilicholipia dola.

Ninachoweza kuongeza ni hiki. Gari nyingi za Kimarekani za miaka ile upande wa breketi zina mapengo mawili au matatu ya kupachika mwisho wa nondo, ukihamisha pengo unaongeza au kupunguza nguvu. Angalia na yako kama breketi ina nafasi zaidi ya moja, na uweke alama ya rangi ilikuwa inakaa wapi KABLA ya kutoa. Mimi sikuweka, nikamaliza Jumamosi nzima nabahatisha.

Na kwa wengine watakaosoma huu uzi wana springi za mzunguko, kama zile za bawaba za boneti ya hii Mustang yangu: hizo hazitaki bomba. Springi ikiwa imevutika unapachika washa nyembamba (zile pete bapa za bolti) kati ya mizunguko, moja moja kuizunguka, inabaki imerefuka yenyewe, unaichomoa kwenye ndoano kwa mkono. Kurudisha unafanya hivyo hivyo kinyume, unaipachika, unasogeza boneti springi ivutike, washa zinadondoka. Miwani ya kinga lazima.

Mama Gereji

Mimi natumia mkanda. Ule wa siti za gari, siyo kamba ya nailoni maana inavutika halafu inakurudia. Nauzungusha karibu na mwisho wa nondo, nafunga kwenye kipande cha mti, navuta nao. Hauachi kovu hata kidogo na hata ukiteleza hauna ncha ya kukuchoma. Kwa mwanamke wa kilo 58 bomba la futi mbili bado ni zito kukandamiza ukiwa umejikunja ndani ya buti, ila ukitoa siti ya nyuma ukafanyia kazi kutokea ndani ya gari unapata kuweka mguu. Baba wa Gerezani kwa heshima yote, kutoa natumia mkanda, kurudisha hapo kweli bomba ndiyo mwenyewe.

Bodi Gerezani

Binti nimekuelewa na nitaujaribu huo mkanda. Ila usiufunge mkononi, ushike.

Mama Gereji

Siufungi mkononi baba, nafunga kwenye mti.

DX Nakuru

Wakuu mbona hakuna mtu ameuliza kama bawaba zenyewe zinacheza? Mimi nilibadilisha nondo zote mbili kwa DX yangu na buti bado ilikuwa inakwama katikati, kumbe pini ya bawaba moja imeshikwa na kutu na rangi ya fundi. Nondo zikiwa nje ndio wakati mzuri, inua mfuniko na mkono juu chini ukiwa na mtu, usikie. Tia mafuta mepesi kwa pini, ucheze nayo siku mbili, ndio ufunge nondo. Na kama fundi alikujazia filla ya bodi kwa mfuniko wakati wa kunyoosha, jua umeongeza uzito ambao nondo ya kiwanda haikuhesabiwa.

Mtoto wa Mwalimu

Wakuu nimerudi, samahani kwa kimya cha wiki tatu.

Nilienda Dar na kaliper ya kuazima. Nondo za yule wa skrepa zilikuwa milimita ile ile na za kwangu, mikunjo ikalala sawasawa, kutu ya juu juu tu. Kabla ya kuzitoa nilipita eneo la Gerezani nikatengenezewa bomba mbele ya macho yangu na kijana mmoja, mfereji nikaulainisha mwenyewe kwa tupa mpaka usiku. Ya kwanza kwenye skrepa nilitetemeka nikiri, nilipokandamiza nikasikia nguvu yake inapanda mpaka begani, kama umeshika mkia wa mnyama aliye hai. Mwenzangu akaachanisha bawaba, nikaanza kuinua mpini kidogo kidogo, kidogo kidogo, halafu ghafla hakuna kitu, nondo imelala tu kwenye bomba. Ya pili ilinichukua dakika tano.

Nyumbani bawaba ya kulia ilikuwa imeshikwa kweli kama alivyosema wa Nakuru, rangi yangu mpya ilikuwa imeingia kwenye pini. Nikaifungua kwa mafuta na subira. Nondo nimezisugua kwa msasa laini kufuata urefu wake, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, raba ya kioo nimeagiza. Kufunga niliita mdogo wangu wa kike ashike mfuniko, mkanda wa Mama Gereji nikaufunga kama tahadhari na bomba likafanya kazi.

Jana nimebonyeza kitasa, mfuniko ukapanda wenyewe polepole ukasimama. Mdogo wangu akasema "kama baba kaufungua." Tukakaa kimya wote wawili hapo uani.

Swali la mwisho: kile kishikizo cha plastiki cha katikati kilivunjika nikikitoa na sasa nikipita barabara mbovu nondo zinagongana zinalia. Natafuta wapi?

Nduguyo wa Likoni

Usitafute yakhe. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kipasue kwa urefu, uvike nondo zote mbili pale zinapopishana, funga kwa waya wa plastiki ila mkato uangalie chini maji yasituame.

Mtoto wa Mwalimu

Nimefanya asubuhi hii. Kimya kabisa. Bomba ninalo, aliye Morogoro au Dodoma mwenye KE70 anitumie meseji nimwazime.