Nimempa binamu flashi ya nyimbo za mapenzi apeleke Tanga, kaniwekea mbuzi

Wakuu, naandika na hasira zangu, atakayekuta herufi zimegongana anisamehe. Na mods tafadhali, uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho.

Niko Glasgow mwaka wa sita huu. Mchumba wangu yuko Tanga. Binamu yangu alikuwa anarudi nyumbani likizo, nikampa flashi moja ndogo amfikishie. Ndani mna nyimbo 17. Najua kuna mtu tayari anaandika "si ungemtumia WhatsApp". Tulia kwanza.

Baba yangu alimpata mama kwa kaseti. Posa ilipelekwa na wazee, sawa, lakini wazee walikuta kazi imeshakwisha. Kaseti ya dakika 90. Nyimbo nyingine alirekodiwa dukani kwa pesa yake, nyingine alizinasa redioni, kidole juu ya kitufe akivizia mtangazaji afunge mdomo. Tanga ile ilikuwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, taarabu ya kumwambia mtu kila kitu bila kumtaja jina. Upande A unauliza. Upande B unajibu kwa niaba ya msichana, ili asihangaike kutafuta maneno. Alipomaliza akavunja vile vimeno viwili vya mgongoni mwa kaseti, mtu asije akarekodi juu yake. Mama anayo mpaka leo, utepe ukilegea anaukaza kwa kalamu ya Bic.

Ile ni barua, wakuu. Mpangilio ndio maneno. Ukiutoa wimbo wa nne ukaupeleka wa tisa, umemsemea mwenzio jambo ambalo hakulisema.

Sasa flashi haina vimeno. Hapo ndipo nilipoliwa.

Wimbo wa 17 niliupiga mwenyewe. Kwa bagipaipu. Ndiyo, lile zumari la mfuko la Waskoti. Chekeni mmalize, nasubiri.

Mmemaliza? Miaka miwili najifunza. Mwaka wa kwanza mzima hata mfuko hukabidhiwi, unapewa chanta ya mazoezi, kijifilimbi, unakipuliza chumbani kama mtoto wa chuo anayesoma alifu. Noti ni tisa tu. Huwezi kupunguza sauti, huwezi kuongeza, na ikishaanza haikatiki mpaka ushushe mkono. Ukitaka noti ileile isikike mara mbili lazima uchomeke katikati vinoti vidogo vya kasi, la sivyo inakuwa mlio mmoja mrefu. Na nyuma ya yote hayo mabomba matatu yanaunguruma begani bila kupumzika. Ukilipata sawasawa, wimbo wa polepole unakutoa machozi. Mimi ulinichukua wiki tatu kuurekodi na jirani amenigongea ukuta kila jioni.

Utani wake naujua wote, msidhani mnanifundisha. Wapigaji wenyewe hapa ndio mabingwa. Kwa nini mpigaji hutembea akipiga? Anaikimbia kelele. Bagipaipu na kitunguu vina tofauti gani? Ukikata bagipaipu hakuna anayelia. Nacheka nao vizuri kabisa, maana ni watani wanaokijua chombo na kilikopita. Mwaka 1746 mpigaji James Reid alinyongwa kule York, Uingereza, kwa uasi dhidi ya mfalme. Alijitetea kwamba hakubeba silaha, alibeba bagipaipu tu, mahakama ikasema hiyo nayo ni silaha ya vita. Tarehe 6 Juni 1944, Vita vya Pili vya Dunia, askari Bill Millin alitembea ufukweni Normandy, Ufaransa, akipiga bagipaipu huku risasi zinapita, na mateka wa Kijerumani baadaye wakasema hawakumlenga kwa sababu walimwona kichaa. Mtu aliyepitia hayo akijitania, ana haki.

Lakini wewe binamu, mtu wa pwani! Chanta ya bagipaipu, lile bomba la vidole, ina mwanzi wa ndimi mbili mdomoni mwake, sawasawa na nzumari ya ngomani kwetu. Mpiga nzumari anajaza hewa mashavuni ili mlio usikatike anapovuta pumzi. Mskoti naye kafanya nini? Kahamishia mashavu kwapani. Basi! Kule Bahrain wanalo la kwao wanaliita jirba, na jirba ni kiriba hikihiki tulichokuwa tukichotea maji. Oman wana kikosi kinachopiga bagipaipu juu ya ngamia, na ndugu zetu wa Muscat wanasimama kando wanapiga picha kwa heshima. Huko hakuna aliyeuliza mbuzi yuko wapi.

Huyu kaifungua flashi safarini. Kakiri mwenyewe. Kasikiliza zote 16 (barua ya mwenzio hiyo!), kafika ya 17, anadai "nilidhani faili limeharibika". Sawa, limeharibika, si uniulize? Kafuta, kaweka sauti ya mbuzi. Sekunde arobaini. Na jina la faili kaliacha lilelile nililoliandika mimi, jina la mchumba wangu.

Tanga wakaichomeka kwenye sabufa, sebuleni, mashangazi wote wamekaa. Naambiwa mpaka wimbo wa 16 shangazi mkubwa alishaanza kufuta macho kwa ncha ya kanga. Ukimya mfupi. Halafu meeeee.

Jioni video iko kwenye kundi la ukoo. Ami yangu mmoja, mtu mzima, imamu kabisa, kaandika: "Alhamdulillahi, naona mahari imeanza kufika." Alama za kucheka 43. Nimezihesabu.

Nyie mnaoniambia humu nisichukulie kila kitu moyoni, jibuni hili: angemwekea mbuzi baba yangu kwenye kaseti ile, mimi ningekuwepo?

Juzi nimemtumia mchumba wimbo wangu halisi, peke yake, kwa simu. Dakika nne. Tiki zikawa bluu, nikakaa nasubiri na koti sijavua. Akajibu: "Ahsante sana mpenzi wangu, nimeusikiliza wote. Ila yule wa kwanza alikuwa na sauti tamu zaidi."

Binamu, najua unasoma humu na najua hiyo akaunti mpya iliyojiunga jana ni yako. Flashi yangu nirudishie.