Modemu ya redio: kushusha faili ni safi, kupandisha inakufa na erori

mtu_wa_paidha
Habari zenu wazee, naomba msaada, wiki ya pili hii silali vizuri. Stoo yetu ya kahawa iko Paidha hapa Uganda, ofisi iko Nebbi, tumefunga modemu za redio, zinatuma data hewani bila waya. Poti ya seriali, yaani ile ya kebo kati ya kompyuta na modemu, iko biti 115200 kwa sekunde na hewani ni 9600. Nikishusha faili kutoka ofisini inakuja vizuri mpaka mwisho. Nikipandisha rekodi za mizani kwa Zmodem (njia ya kutuma faili mfululizo bila kusubiri jibu) inaanza kwa kasi kabisa halafu ikifika kilobaiti 35 hivi zinamiminika erori za CRC (hesabu ya kukagua kama data imefika sawa), inarudia, inarudia, inakatika. Kila mara ni hapo hapo! Na wakulima hawalipwi mpaka hesabu ifike ofisini, sasa namtuma kijana na flashi kwa boda. Adapta ya USB nimeshabadilisha. Mwisho wa kebo nimeunganisha pini 2 na 3, ya kupokea na ya kutuma, nikaandika, herufi zinarudi zote. Shida ni nini?

redio_arua
Pole ndugu. Shusha poti iwe 9600 kama hewani ujaribu. Halafu angalia pawa, modemu ya redio ikirusha inakula umeme mwingi kuliko ikisikiliza tu, betri ikichoka volti zinaanguka modemu inajizima na kuwaka tena. Mimi ilinitesa hivyo miezi.

mtu_wa_paidha
Asante. Betri nimepima ikiwa inarusha, 12.6 haishuki. Kwa 9600 imefika kilobaiti 200 na kitu, nikafurahi, halafu erori zile zile.

solda_na_bati
Hiyo 200 ndio imeniambia. Poti ya 115200 inamwaga baiti 11,520 kwa sekunde, hewani kwako hazitoki hata 1,000, zinazobaki zinarundikana kwenye bafa ya modemu, kumbukumbu yake ya kushikilia data inayosubiri kutoka. Kama bafa ni kilobaiti 32, sekunde tatu tu imejaa, na kwa sekunde hizo tatu kompyuta imeshatuma kama 35, ndio hapo pako pa kufia. Ukiweka 9600 inajaa polepole, maana redio nayo inakula muda wake hewani, lakini inajaa tu. Kushusha hakusumbui kwa sababu data inaingia kidogo kidogo, kompyuta inaimeza.

Modemu ikijaa inatakiwa kuiambia kompyuta ngoja kwanza, na inasema kwa waya wa CTS. Washa RTS/CTS (waya mbili za kuambiana tuma au ngoja) kwenye menyu ya modemu NA kwenye programu, sio upande mmoja. Jaribu na Xmodem pia, yenyewe inatuma baiti 128 inasubiri jibu ndio itume zingine, haiwezi kujaza bafa. Ikipita, tumemkamata. Na kile kipimo chako cha pini 2 na 3 hakigusi kabisa 7 na 8, hizo ndizo RTS na CTS.

mtu_wa_paidha
Xmodem imepita!! Inatambaa lakini imefika. Nimewasha RTS/CTS pande zote mbili, sasa Zmodem imeganda, haitumi hata baiti moja.

solda_na_bati
Basi kompyuta inasubiri CTS na CTS haifiki. Fungua kichwa cha kebo uangalie.

redio_arua
Kweli, hapo mimi nilikuwa nimepotea. Kebo.

mtu_wa_paidha
Nimefungua na bisibisi ndogo. Waya tatu tu, 2, 3 na 5. Pini 7 na 8 hazijawahi kuguswa na solda, zinang'aa kama siku zilipotoka kiwandani. Na mimi naibadilisha adapta wiki nzima jamani. Nimesuka kebo mpya ya waya tano, pini kwa pini, 2, 3, 5, 7, 8, kwa tochi ya simu maana umeme ulikuwa umekatika. Nimerudisha poti 115200, faili la kilobaiti 412 limeingia Nebbi, dakika 8 na kitu, erori sifuri. Namba inakimbia mwanzoni halafu inasimama, inasonga, inasimama, ni CTS hiyo naiona kwa macho. Kebo ya zamani nimeikata vichwa vyote viwili asije mtu akaichomeka. Asanteni sana wazee, karani wa Nebbi ameshaanza kuandika malipo ya wiki mbili.