Wale wapagazi waliopandishwa mti na faru: Disney walifanya vyema kuwatoa?

Mpangani_Orlando:

Wakuu, habari za masiku. Naleta jambo dogo, lakini limenikaa rohoni tangu wiki iliyopita.

Mama yangu amekuja kunitembelea huku Florida kutoka Pangani. Umri sabini na kitu, na ndege ndiyo kwanza kapanda. Nikampeleka Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney, na kwa kuwa ni mtu wa mtoni, kavuka na kivuko cha Bweni maisha yake yote, nikaona nimpandishe Jungle Cruise. Kwa msioijua: mnapakiwa botini, nahodha kijana kashika kipaza sauti, mnapitishwa mito ya dunia, Nile, Kongo, Mekong, Amazon, yote ndani ya dakika kumi hivi. Tembo, viboko, faru, wote masanamu ya mitambo. Maji yametiwa rangi msiione reli iliyo chini yake, maana boti ile inafuata reli kama treni. Nahodha kazi yake kubwa ni kuwageukia abiria na kuwatupia vichekesho. Mama hakuchukua muda kushtuka: "Nahodha gani huyu anaupa mto mgongo?"

Mimi mara ya kwanza niliipanda 2016. Wakati ule kulikuwa na lile tukio maarufu la faru: kaupandisha msafara mzima juu ya mti, mzungu wa kofia ngumu pamoja na wapagazi weusi, wamebanana kama kunguru na pembe inawafuata makalioni. Mwisho wa safari anasimama mzee mmoja, Trader Sam, muuza vichwa vya watu vilivyokaushwa vikasinyaa. Nahodha anatangaza bei: vichwa vyake viwili kwa kimoja chako. Nilicheka. Sitawaficha, nilicheka kuwashinda wazungu niliokaa nao.

Sasa hawapo. Disney walitangaza mabadiliko Januari 2021, wakaanza na ile ya California, ikafunguliwa upya Julai mwaka ule, kisha ya huku. Faru yupo, mti upo, ila waliopanda ni wengine: mtaalamu wa mimea kutoka Kanada, mchoraji wa Meksiko, bibie wa Ireland anayesoma ndege, Mjapani wa wadudu, na nahodha wao aliyewapoteza. Kila mmoja kapewa jina na kazi yake. Nahodha yule anaitwa Felix Pechman wa 13, fikirieni, hadi babu zake wamehesabiwa. Pale kwa Sam pamekuwa duka la vitu vilivyosahaulika.

Jioni nikamwonyesha mama video ya zamani kwenye simu. Faru alimchekesha kweli. Halafu akauliza, "Na hawa vijana wanaitwa nani?"

Nikamwambia hawana majina, mama, ni wapagazi tu.

Akaweka kikombe chini. Babu yake mzaa baba alikuwa mpagazi. Pangani ile mnayoiona imelala, zamani ndiyo ilikuwa mlango wa misafara ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Babu alibeba pembe kuja pwani na vitambaa kurudi bara, na hadi mama anapata akili, bega moja la mzee lilikuwa limeshuka. "Hata karani wa msafara alikuwa na daftari," mama akasema. "Jina lako liliandikwa, ndipo upewe posho. Hawa wamekaa juu ya mti miaka mingapi?"

Nikahesabu. Huku Florida ilifunguliwa 1971. Nusu karne.

Swali langu basi: kuwatoa ni kuwaheshimu, au ndiyo wamefutwa mara ya pili? Maana kwenye mti ule sasa yupo mgeni wa kila bara, mwenyeji hayumo. Naomba kuwasilisha.

BintiKisauni:

Mkuu, unatafuta kulia pasipo msiba. Ni mchezo wa watoto. Wangewaacha mngelalamika, wamewatoa mnalalamika. Na wewe mwenyewe umesema ulicheka! Shikamoo zangu kwa mama lakini.

Spana_17:

Mpangani, mimi nimeishi Anaheim, California, mji wenye Disneyland, miaka kumi na moja, na hii mitambo ni ugonjwa wangu, kwa hiyo vumilia nikueleze.

Wanaopiga kelele kwamba "kitu cha asili kisiguswe" hawajui asili yenyewe. Jungle Cruise ilifunguliwa na Disneyland yenyewe tarehe 17 Julai 1955. Walt Disney alitaka wanyama hai. Wenye kujua wanyama wakamwambia mchana watalala au watajificha, abiria wataangalia majani tupu. Ndiyo yakaja masanamu. Na maelezo ya nahodha yalikuwa ya kweli kabisa, kama filamu za elimu ya wanyama, hakuna utani. Utani ulikuja miaka ya mwanzo ya 1960, alipoletwa mchoraji Marc Davis aongeze vitu vya kuchekesha. Tembo wanaooga ni wake, 1962. Huo mti wenu wa faru pia ni wake, 1964. Kwa hiyo wapagazi wako, mkuu, wenyewe walikuwa marekebisho. Waliletwa kwa sababu watu walianza kuchoka na safari isiyo na kichekesho.

Vingine vimebadilika bila mtu kufa. Kwenye Pirates of the Caribbean, safari nyingine ya boti ya Disneyland, ya 1967, kulikuwa na mnada wa wanawake, maharamia wanapiga kelele wanamtaka mwenye nywele nyekundu. Mwaka 2018 mnada ukawa wa mali zilizoporwa na kuku, na yule dada kapewa bunduki, sasa ni haramia, anaitwa Redd. Angalia walichofanya pale: hawakumtoa. Wamembadilishia kazi na kumpa jina, na leo watoto wanapanga foleni kupiga naye picha. Hapo ndipo mimi nakubaliana na mama yako kuliko na wewe. Njia ya tatu ilikuwepo, na walikuwa wameshaijua.

Na kuhusu Sam, kuna kituko. Mwenyewe kaondolewa mtoni, lakini jina lake lipo kwenye baa mbili za hoteli za Disney, moja huku Anaheim tangu 2011, moja kwenu Orlando. Yaani jina linauza vinywaji, mwenye jina hatakiwi kuonekana. Nimewahi kunywa hapo. Ni pazuri, tatizo liko palepale.

MtuWaKariakoo:

Mimi sijafika Marekani na sina mpango. Ila neno "wapagazi tu" limenichoma. Ninapouza vitambaa kila siku panaitwa Kariakoo kwa sababu ya Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo cha Waingereza vita vya kwanza vya dunia. Walikufa kwa maelfu, kwa kuhara na njaa zaidi ya risasi. Ile sanamu ya Askari pale Posta inajulikana na kila mtu, mkono umeshika bunduki. Mpagazi yeye ameachiwa soko, na nusu ya wanaosukumana humo hawajui jina lilitoka wapi. Sasa kabla hatujawadai Disney, na sisi tujidai kidogo.

Mama apewe maua yake. Daftari la karani! Sikuwahi kulifikiria.

BintiKisauni:

Haya, hiyo ya kuku na mnada sikuijua. Nimerudi nyuma hatua moja. Moja tu.

Mpangani_Orlando:

Asanteni wakuu. Spana_17 umenifungua macho. Nilidhani wapagazi walikuwepo tangu siku ya kwanza.

Niwape mrejesho, maana jana nilimpeleka mama Animal Kingdom, bustani nyingine ya Disney huku Florida. Kule kuna mji wa kubuni unaitwa Harambe, umefunguliwa pamoja na bustani yenyewe 1998, na wabunifu waliuchukua sana kutoka Lamu: kuta zilizobambuka chokaa, milango, vibaraza, matangazo yaliyochakaa kwa makusudi. Matangazo ni ya Kiswahili. Mama alisimama ukutani palipoandikwa UHURU 1961, akakisoma kwa sauti, akanigeukia: "Mwaka wetu huu." Kisha akaanza kusoma kila kibao kama mtu anayekagua daftari la mjukuu, watu wanapita wanatupisha.

Mahali penyewe pamewahi kufanyiwa marekebisho pia. Safari ya magari ya kuona wanyama, Kilimanjaro Safaris, mwanzoni ilikuwa na hadithi ya majangili na mtoto wa tembo anayeitwa Little Red, dereva anawakimbiza majangili na abiria nyuma. Wakaiondoa. Sasa unaangalia wanyama tu, wa kweli, na kama twiga amesimama barabarani mnamsubiri aondoke. Sikuona anayeililia.

Nikamuuliza mama swali nililowauliza nyinyi. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha uongo, kavua viatu.

Akasema kuwatoa ni sawa, wamechoka, washuke. Ila angependa mmoja abaki, akae chini kivulini na mzigo wake pembeni, anawatazama hao wageni juu ya mti. Faru amemzoea. Nikamuuliza amwite nani. Akataja jina la babu yake, ambalo sitaliandika hapa.

Tukasimama kwenda kutafuta maji. Karibu na hapo kuna kibanda kimeandikwa Dawa Bar. Mama akauliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni pombe, mama. Akakiangalia kibao kwa muda.

"Basi wakirekebisha tena," akasema, "waandike pombe."