Tableti ya studio inakwama kwa foto 11,000 za harusi. Vijipicha tuvihifadhi wapi?

studio_katuba
Jambo wandugu. Niko na studio ndogo ya foto hapa Lubumbashi, upande wa Katuba. Wateja wakija kuchagua foto za albamu nawapa tableti wakae nayo kwenye benchi. Kompyuta iko moja tu na ndiyo ya kazi, halafu umeme ukikatika inazimika, tableti inabaki.

Tableti yenyewe ni Android 7, RAM GB 2, nafasi ya ndani GB 16, na kadi ya GB 128. Ndani ya kadi mna foto karibu 11,000, kila moja piseli 6000 kwa 4000, uzito MB 9 hivi. Mtu akifungua galeri anaona viraba vya kijivu tu. Akizipitisha haraka tableti inachemka, kisha galeri inajifunga. Jumamosi iliyopita bibi harusi alikaa na mama mkwe wake dakika arobaini, wakaondoka bila kuchagua hata foto ishirini. Iliniuma sana.

Halafu tableti inasema nafasi ya ndani imejaa, wakati foto zote ziko kwenye kadi! Nikapekua, nikakuta ndani ya DCIM folda iliyofichwa, .thumbnails, na humo faili moja ambalo jina lake linaanza na .thumbdata. GB 1.8. Nimelifuta mara tatu, linarudi.

Mdogo wangu anasoma UNILU, chuo kikuu cha hapa, ameanza kututengenezea programu yetu ya kuonyesha foto. Inafungua foto, inaipunguza, inahifadhi kijipicha (ile foto ndogo ya kwenye orodha) kwenye kadi, faili moja kwa kila foto. Inaanguka kabla haijafika foto ya thelathini. Tunakosea wapi?

fundi_kisanga
Mkubwa, hilo .thumbdata limenisumbua kwenye simu za wateja miaka mingi. Android za zamani kama hiyo yako zilikuwa zinaweka vijipicha vidogo kabisa vyote ndani ya faili moja, kila foto na kisanduku chake cha baiti 10,000. Mahali pa kisanduku panatokana na namba ya foto kwenye daftari la mfumo: namba mara 10,000. Foto namba 180,000 inaandikwa kwenye baiti ya bilioni 1.8, hata kama zile zote za nyuma yake zilishafutwa. Wewe kila wiki unaingiza mpya na kufuta za zamani. Namba zilizofutwa hazirudi, kwa hiyo faili linarefuka tu, na ukilifuta, foto moja yenye namba kubwa inatosha kulirudisha urefu uleule.

Fanya hivi. Ndani ya folda ya harusi weka faili tupu, uliite .nomedia. Mfumo ukiliona hauorodheshi foto za humo. Galeri ya kawaida haitaziona tena, lakini programu ya mdogo wako itazisoma kwa kupita njia ya folda. Kisha ingia mipangilio, kwenye orodha ya programu onyesha na zile za mfumo, futa data ya hifadhi ya midia, futa .thumbdata, zima uwashe. Namba zinaanza upya toka chini.

poli_kasapa
Mimi naongea na huyo mdogo. Ndugu yangu, MB 9 ni uzito wa foto ikiwa imefungwa. Ukiifungua, piseli milioni 24 mara baiti 4 ni MB 96 za RAM, kwa foto moja! Kwa tableti yako mbili zikifunguliwa pamoja basi, programu imekufa. Usifungue foto nzima ili utengeneze kitu cha piseli 240.

JPEG inakata foto vipande vya piseli 8 kwa 8, na namba ya kwanza ya kila kipande ni wastani wa kipande kizima. Ukiomba foto iliyopunguzwa mara nane kila upande, msomaji wa JPEG anatumia wastani huo na kuziacha namba 63 nyingine bila kuzipigia hesabu nzito. Kwenye Android unaweka inSampleSize, ile namba ya kupunguza foto wakati wa kuifungua, kuwa 8. Unapata 750 kwa 500, MB 1.5 tu. Hapo ndipo uipunguze kufika 240 kwa 160.

Na kuna njia fupi zaidi. Kamera yako tayari imetengeneza kijipicha cha 160 kwa 120 na kukiweka mwanzoni mwa faili, kwenye sehemu ya EXIF (maelezo ambayo kamera inaandika ndani ya foto), ambayo haizidi KB 64. Piga hesabu: foto 11,000 mara MB 9 ni GB 99. Kadi ikisoma MB 20 kwa sekunde, hizo ni dakika 82. Ukisoma KB 64 za mwanzo peke yake ni MB 704, sekunde 35 na muda kidogo wa kurukaruka. Kamera zinazopiga umbo kama la foto zako huweka mistari myeusi juu na chini ya kijipicha hicho ili kijae 160 kwa 120, kwa hiyo ikate. Na usome alama ya mwelekeo, la sivyo foto za wima zitalala.

mama_kamalondo
Mwanangu, mimi napiga foto tangu wakati wa filamu. Kwa nini mteja apewe foto ya MB 9 ili aseme "hii nataka, hii sitaki"? Usiku umeme ukiwepo, kompyuta itengeneze nakala za piseli 1600 upande mrefu. Kwangu zinatoka KB 300 hivi. Zote 11,000 ni GB 3.3. Hizo ndizo za tableti. Za asili zibaki studio, mahali pawili. Kadi ikipotea sokoni utamwambia nini yule bibi harusi?

studio_katuba
Aksanti Mama, hilo naanza leo. Aksanti wote.

Tumejaribu vile vya EXIF na vinatokea haraka mno, mdogo wangu alipiga kelele. Lakini kuna tatizo: foto nilizosahihisha kwenye kompyuta zinaonyesha kijipicha cha zamani. Moja nilimkata mtu aliyesimama pembeni, kwenye kijipicha bado yupo.

ruashi_dev
Hiyo ni kwa sababu programu uliyosahihishia haikubadilisha kijipicha cha ndani. Ni jambo la kuangalia sana, maana ukituma foto hiyo, mtu uliyemwondoa anasafiri nayo. Foto yoyote iliyopita kwenye kompyuta, tengeneza kijipicha upya kwa njia ya inSampleSize. Cha EXIF kitumie kama cha muda tu, kwa foto zilizotoka kamerani moja kwa moja: kionyeshe papo hapo, kizuri kije nyuma yake. Na kizuri kitengenezwe kwa zile zinazoonekana kwenye kioo kwanza. Mteja akishazipita, kazi yake iondolewe kwenye foleni.

Sasa kuhifadhi, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Kadi ya GB 128 kwa kawaida imepangwa kwa exFAT, mpango wa kuweka mafaili, na mara nyingi imegawanywa vipande vya KB 128. Kijipicha cha KB 8 kinachukua kipande kizima. Vijipicha 11,000 ambavyo vingepaswa kuwa MB 88 vinakula GB 1.4! Viweke vyote ndani ya faili moja la SQLite (daftari la data linalokaa ndani ya faili moja), kwenye nafasi ya ndani, si kwenye kadi. Wenye SQLite walipima wenyewe kwa data ndogondogo za KB 10 hivi: kusoma na kuandika kulikuwa kasi zaidi kwa asilimia 35 kuliko mafaili mojamoja, na nafasi ilipungua asilimia 20. Andika vijipicha mia kwa muamala mmoja, yaani viingie vyote pamoja au visiingie kabisa, usiandike kimoja kimoja. Chaji ikiisha katikati, unapoteza hiyo mia ya mwisho tu, daftari lenyewe linabaki zima.

Ufunguo wa kila kijipicha, yaani alama ya kukitambua, usiwe jina la faili peke yake, kamera huanza tena kuhesabu. Jina, ukubwa wa faili, na saa foto ilipopigwa kutoka EXIF. Saa ya faili nisingeitegemea. Kadi zilizopangwa kwa FAT32, mpango wa zamani zaidi, zinaandika saa ya mahali, na Kinshasa na sisi tunaachana saa moja. Nilirudi kutoka kule na foto 6,000 na programu yangu ikaona zote ni mpya, ikaanza kazi upya.

poli_kasapa
Naongeza kwa RAM: kijipicha cha 240 kwa 160 kikifunguliwa ni KB 150. Shika vile mia vya mwisho, MB 15, vinavyozidi vitoke kwa kuanza na kile kilichokaa bila kuguswa.

studio_katuba
Narudi baada ya wiki moja. Nakala za Mama ziko kwenye tableti, vijipicha viko kwenye SQLite, faili lina MB 93. Kioo cha kwanza kinajaa kabla sijahesabu mbili. Bibi harusi alirudi jana na mama mkwe wake, wamechagua foto 64 na tableti haikupata hata joto.

mama_kamalondo
Nafurahi, mwanangu. Neno moja. Ukifuta foto, kijipicha chake kinaweza kubaki kwenye lile .thumbdata. Tableti uliyokuwa nayo kabla ya hii iko wapi?

studio_katuba
Mama, niliiuza mwezi wa sita kwa jirani, nikafuta foto peke yake. Nimempigia sasa hivi. Jioni napita kwake niisafishe yote mbele yake.