Ushauri: Mgombea aliunga mkono vita vya Iraq, nimpe kura yangu?

Wakuu, habari za usiku. Niko Minnesota, nimepata uraia wa Marekani na sasa napiga kura kwa mara ya kwanza. Mgombea ninayemtaka alikuwa mbunge Oktoba 2002, akapiga kura ya ndiyo kumruhusu Bush aivamie Iraq. Sera zake za afya na uhamiaji nazikubali kabisa. Shida ni binamu yangu, alipelekwa kule na jeshi la hapa. Alirudi na viungo vyote, ila hadi leo mlango ukibamizwa anaruka wima, kikombe chini, jasho linamtiririka. Mgombea anasema anajuta. Nimsamehe?

Mama Neema: Pole mdogo wangu, na binamu mpe pole. Mimi ningemnyima. Wanasema walidanganywa kuhusu silaha za Iraq, sawa, lakini maseneta 23 walikataa, 77 wakakubali. Kwa wawakilishi 133 walikataa, 296 wakakubali. Hapo kwenu Seneta Paul Wellstone alikataa huku uchaguzi ukiwa umebaki wiki chache na kiti chake kikiwa mashakani! Akafa kwa ajali ya ndege mwezi huohuo, kabla ya siku ya kura.

Juma wa Tanga: Angalia bima ya wanao. Ya 2002 yamepita.

Mwalimu Mstaafu: Majuto hayafanani, ndugu. Walter Jones wa North Carolina, Republican, alipiga ndiyo. Baadaye akahudhuria mazishi ya askari mmoja, yakamwingia. Akaziandikia familia za waliokufa barua zaidi ya 11,000, akazisaini kwa mkono wake, na akawa anapinga vita hivyo Bungeni, wenzake chamani wakimtenga. Huyo wako baada ya kujuta alifanya nini? Tazama kura yake ya 2019 kuhusu Yemen, azimio lile la kuitoa Marekani kwenye vita vya huko, Trump alilolipigia kura ya turufu. Kama alirudia yaleyale, achana naye.

Mleta uzi: Asanteni. Juma kaka, kwangu hayajapita, nakaa nayo nyumba moja. Mwalimu, ya Yemen nitaitafuta usiku huu. Jumamosi mgombea anaongea na wapiga kura, nitamuuliza kama aliisoma ile ripoti ya ujasusi ya kurasa 92 waliyopewa kabla ya kura. Seneta Bob Graham aliisoma, akakataa vita. Binamu kasema atanisindikiza, mradi tukae karibu na mlango.