Mpira wa vena kuu na kuhema kwa shida

Muuguzi, Tabora: Heshima kwenu, wataalamu. Mgonjwa wetu aliyewekewa mpira kwenye vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya chini ya mtulinga, kwa ajili ya kusafishwa damu, ameanza kuhema kwa shida baada ya saa mbili. Je, pafu limetobolewa, au hewa imeingia kwenye damu?

Daktari, Kigoma: Pole, dada. Hewa iliyoingia kwenye damu kwa kawaida humwangusha mgonjwa ghafla, mpira unapowekwa au kuchomolewa, na ndiyo maana tunamlaza kichwa kikiwa chini. Ilhali pafu lililotobolewa na sindano laweza kuvuja hewa polepole, hata picha ya kwanza ya eksirei ikaonekana safi. Rudieni picha sasa hivi. Akizidiwa na shinikizo la damu likishuka, msisubiri picha: hewa itolewe kifuani mara moja.

Muuguzi wa figo: Naongeza kwamba vena ya shingoni upande wa kulia ni bora zaidi, kwa kuwa ile ya chini ya mtulinga huweza kusinyaa baadaye na kuharibu mkono utakaohitajika kwa fistula, yaani ateri na vena za mkono zinazounganishwa kwa upasuaji ili kusafishia damu.

Muuguzi, Tabora: Asanteni sana. Picha imeonyesha hewa kifuani. Amewekewa mpira wa kuitoa, na anapumua vizuri.