Kikundi cha ukoo: Kanga ya Mama Marco

UKOO WA BIBI AGATHA 🌿

*Ijumaa*

Neema: Kamwene ndugu zangu. Wageni wamefika salama. Kutoka uwanja wa ndege Roma tumepanda treni, sasa tuko Orvieto. Mama amechoka ila anakataa kukaa.

Shangazi Yusta: Kamwene mwanangu, Mungu ni mwema. Huyo wifi yangu namjua, hata akiwa na homa atakwambia ni jua tu.

Mama Neema: Wifi usianze.

Tito: Shikamooni wote. Baba mdogo, picha basi!

Baba Mdogo Gaston: Marahaba. [picha] Mji mzima umekaa juu ya jabali, kuta zake zimesimama wima. Kutoka stesheni mnapandishwa na kitreni kinachovutwa kwa kamba ya chuma. Sasa sikilizeni historia. Papa Clement VII alikimbilia hapa baada ya Roma kuvamiwa na kuporwa mwaka 1527. Akaona mji ukizingirwa watu watakufa kiu, akaamuru kichimbwe kisima. Kina zaidi ya mita 50 kwenda chini, na ngazi mbili zinazozunguka, moja ya kushukia, moja ya kupandia. Hazikutani kabisa. Punda anayeshuka na mitungi mitupu hagongani na anayepanda na maji. Vidato 248 kushuka, 248 kupanda. Nimevihesabu vyote.

Neema: Alivihesabu mpaka 90, akaanza kuomba maji 😂

Tito: Ndani ya kisima, mtu anaomba maji 😂😂😂

Furaha: Nimemsomea Bibi. Anauliza, hao watu waliendaje kujenga juu kote huko, mbali na maji?

Baba Mdogo Gaston: Mwambie Mama ni hofu ya adui. Kama Mkwawa alivyozungushia Kalenga ukuta. Ila Mkwawa alikuwa na Ruaha hapo pembeni.

Furaha: Amesema, "Basi Mkwawa alikuwa na akili kuliko huyo Papa."

Shangazi Yusta: Mama! Utaungama Jumapili.

*Jumamosi*

Mama Neema: Shikamoo Mama, kamwene wengine. Asubuhi tulikuwa Assisi, tumesali kaburini kwa Mtakatifu Fransisko. Kanisa ni mbili, moja juu ya jingine, na kaburi liko chini kabisa. Nimewaombea wote kwa majina, hata Tito.

Tito: "Hata" ya nini tena Mama mkubwa 🙈

Mama Neema: Unaijua mwenyewe. Mkwe wetu Mama Marco alisali nasi. Alinionyesha dari la kanisa la juu, akaniashiria kwa mikono linavyoporomoka. Neema kaniambia ni tetemeko la 1997, watu wanne walifia mle ndani. Sasa tuko kwake Spello, tumekula. [picha ya mabeseni ya maua] Jamani, mkate hauna chumvi hata chembe! Nikadhani amesahau, nikala kimya. Mkwe utamwambiaje?

Neema: Mama, mkate wa mkoa huu wa Umbria ndivyo ulivyo. Wenyewe wanasimulia ni hasira za kodi ya chumvi ya Papa, mji wa Perugia uliasi mwaka 1540.

Shangazi Yusta: Kwani ugali una chumvi? Chumvi iko kwenye mboga.

Mama Neema: Mboga yenyewe paja la nguruwe lililokaushwa. Hiyo chumvi inatosha kijiji.

Furaha: Na hayo maua ni ya nini? Bibi anataka kuelewa. Ni harusi?

Neema: Hapana. Kesho ni Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Hapa Spello maandamano ya Ekaristi yanapita juu ya mazulia ya maua, zaidi ya kilomita moja ya vichochoro. Wanayaita Infiorata. Kila kundi lina kipande chake cha barabara. Wanachora kwanza, halafu wanajaza maua, kazi inaanza Jumamosi mchana na inakesha. Rangi ya dukani hairuhusiwi, ni mimea tu.

Tito: Na kijani wanatoa wapi?

Neema: Majani ya shamari mwitu. Njano ni ginestra, kichaka kimejaa mlimani huku. Nyekundu ni papavero, lile ua la kwenye mashamba ya ngano. Mengine yalichumwa wiki nyingi nyuma, yakakaushwa yakawekwa kwenye maboksi kwa rangi.

Mama Neema: Niwaambie mimi niliyekaa humo. Gereji ya akina Marco hakuna gari, kuna mabeseni. Wamama na wazee wamekaa duara, kila mmoja na rundo lake. Mama Marco akanivutia kiti, akanipa beseni, basi. Mimi Kiitaliano sijui, yeye Kiswahili chake ni "karibu" na "asante". Lakini kuchambua ni kuchambua, ni kama mchicha tu: unashika kikonyo, unavua petali, kikonyo kule, petali huku. Nikawa nawaacha nyuma. Bibi mmoja jirani akaangalia beseni langu, akaangalia lake, akasema neno, wote wakacheka. Neema anagoma kunitafsiria.

Neema: Alisema, "Huyu asirudi kwao" 😄

Shangazi Yusta: Hapo ndipo nakupendea wifi.

Mama Neema: Subiri sasa, nina la moyoni. Ile doti ya kanga niliyomletea, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", nimeichagua mwenyewe Kariakoo nusu siku nzima. Saa nne hii ya usiku nimemwona na kipande kimoja. Amekikunja mara nne, AMEKITANDIKA BARABARANI, anapiga magoti juu yake akijaza maua.

Shangazi Yusta: 😳 Kanga mpya?

Mama Neema: Mpya! Haijafuliwa hata mara moja. Na kinapakaa njano ya yale maua.

Tito: Hiyo ni dharau au ni heshima? Mwalimu Gaston tusaidie.

Baba Mdogo Gaston: Mimi msiniulize, niko kwenye matatizo yangu.

Neema: Baba mdogo alikuwa anarudi nyuma apige picha ya mnara, bado nusu hatua akanyage bawa la malaika kwenye zulia. Vijana watatu walimdaka kwa kola.

Baba Mdogo Gaston: Walikuwa wanne. Kichochoro chembamba, giza, na hilo hema lao la kukingia maua limefunika taa.

Tito: Na swali langu lingine. Wiki zote hizo za kuchuma, usiku kucha magotini, halafu askofu anakanyaga asubuhi na imekwisha?

Furaha: Ngoja, Bibi anataka kuongea. [sauti, 0:52] Kwa wasio na bando: anasema akiwa mtoto Tosamaganga alikuwa wale mabinti wa kurusha maua mbele ya Ekaristi. Siku moja akabakiza kidogo kwenye kikapu akachezee nyumbani. Sista Mkonsolata akamshika sikio: "Ukibakisha, umemwibia Yesu." Kwa hiyo Tito nyamaza.

Tito: Nimenyamaza.

*Jumapili*

Neema: Hatujalala. Saa kumi alfajiri upepo ulianza, watu wote wakawa wanakimbia na pampu za kunyunyizia maji ili petali zishike. Kona ya juu ya zulia letu ilipeperuka, tumeirudishia na shamari. Ukiangalia kwa karibu utaona kiraka. Waamuzi wa mashindano ya mazulia wamepita, sitaki hata kusikia walichoandika.

Mama Neema: Kiraka nimeweka mimi. Hakionekani.

Neema: Kinaonekana Mama 😂

Baba Mdogo Gaston: [picha] [picha] [picha] Oneni ya katikati. Ile ngozi ya uso wa Mama Maria si rangi moja, nimehesabu aina kumi na moja za petali zilizosagwa.

Tito: Amehesabu mpaka ngapi kabla ya maji?

Mama Neema: Askofu amepita. Ameshika monstransi, kile chombo cha Ekaristi, watoto wa komunyo ya kwanza nyuma yake, halafu bendi. Anatembea katikati kabisa ya picha, haruki, hazunguki. Nilidhani nitaumia kuona. Badala yake nikajikuta natazama miguu yake kama atapita kwenye kiraka changu. Amepita.

Shangazi Yusta: 🙏🏾🙏🏾

Furaha: Bibi anauliza habari ya kanga.

Mama Neema: Mama, niache nipoe kwanza.

Furaha: Anasema, namnukuu: "Kanga ni ya kazi. Nimezalia kanga, nimebebea kuni kwa kanga. Ningeudhika angeifungia kabatini. Ila doti ina vipande viwili. Kimoja kimepiga magoti, cha pili kiko wapi?"

Neema: Hiki hapa. [picha] Huyo wa tatu kutoka kushoto, nyuma ya bendi. Alijitanda mabegani maandamano yote, jua lote hili.

Shangazi Yusta: Eeh! Amependeza mkwe wetu!

Tito: Mbona maandishi yako kichwa chini?

Mama Neema: Nimeona tangu kanisani. Mtu asimwambie.